Hodi kwanza, picha baadaye



Wiki hii tulikusudia kuandika juu ya vitambaa vya gauni za nikaha, na tutaviandika inshaallah. Lakini kuna jambo limetukaa kooni, na kila tulipolisema kwa upole tuliambiwa tunakuza mambo. Basi leo tunalisema bila upole.

Mtoto wa kike wa skuli ana haki juu ya picha yake sawasawa na biharusi. Asiyekuwa mzazi wake hana ruhusa ya kuigawa picha hiyo, awe mwalimu mkuu, awe mgeni aliyetoka ng'ambo na moyo safi kama maziwa.

Tueleze tulikotokea. Pale dukani tuko mafundi wanne. Mwenzetu mmoja kwao ni Ngujini, juu kwenye milima ya Upare wa Kaskazini, wilaya ya Mwanga. Ameolewa huku Unguja, na binti yake mkubwa anasoma kule, analelewa na bibi yake. Mwaka jana skuli ikapata mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya, kijana mdogo tu, na mwisho wa muhula wakaenda mandari. Wenyewe bara wanaita pikniki. Hawakwenda mbali. Walipanda juu ya kijiji mpaka kwenye kijito, wakapika, wakacheza, wakarudi kabla ya magharibi.

Tulifurahi nao. Sketi ya marinda na blauzi ya mikono mirefu aliyovaa binti siku ile tulimshonea sisi hapa, tukazituma kwa boti mpaka Dar es Salaam na kutoka hapo kwa basi mpaka Mwanga mjini, bibi akashuka kuzichukua. Mwenzetu alitaka kuona zimemkaaje, basi. Picha ikamfikia, lakini si kutoka skuli. Aliletewa na mpwa wake wa Arusha, aliyeikuta kwenye ukurasa wa yule mwalimu, na skuli nayo ilikuwa imeshaichukua na kuiweka kwenye ukurasa wake. Binti amesimama majini. Sketi imelowa na kumganda mwilini, mtandio umeteremka shingoni, miguu mitupu. Anacheka. Chini yake maneno ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu yanasema kwamba watoto hawa hawana kitu, lakini bado wanatabasamu.

Hawana kitu!

Hebu tuhesabu. Kila nyumba ilitoa mahindi na maharage ya makande, na nani asiyejua kwamba Mpare akikupikia makande amekupa heshima yake. Bibi alitoa mkungu wa ndizi. Wazazi walichangishana wakanunua mbuzi. Kina mama walibeba masufuria kichwani tangu alfajiri, mlima ule ule ambao mgeni aliupanda mikono mitupu kwa sababu hakuna aliyemruhusu abebe kitu. Na viatu vya binti vilikuwepo, vyeusi, vipya. Alivivua kwa sababu mtu haingii majini na viatu. Tunajua, maana mwalimu wa kike wa palepale naye alipiga picha yake moja, akampelekea bibi peke yake, na humo viatu vya watoto vinaonekana vimepangwa juu ya jiwe jozi kwa jozi. Mgeni alisimama upande ambao jiwe halionekani.

Kwa hiyo chakula kilitoka kwa wazazi, nguo zilitoka kwetu, furaha ilitoka kwa watoto wenyewe, na dunia ikaambiwa hawana kitu. Sisi watu wa biashara tuna jina la mtu anayechukua mali ya mwenzake na kuibandika bei yake mwenyewe.

Sasa msitufahamu vibaya. Hatuna ugomvi na mwalimu wa kigeni kufurahi na wanafunzi wake. Wageni kufundisha kwetu si jambo la jana. Peace Corps ya Marekani ilileta watu wake wa kwanza Tanganyika mwaka 1961, wapima ardhi na wahandisi wa barabara, walimu wakafuata. Wakaondoka mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979, na baadhi yao wamefundisha hapa Unguja na Pemba, mpaka korona ilipowarudisha wote makwao Machi 2020. Mwalimu anayekaa miaka miwili kijijini, akajifunza Kiswahili mpaka akaweza kutania, akakaa chini akala makande kwa mkono na kucheza rede vibaya mpaka watoto wakamcheka, huyo tunampenda na tunamwombea. Watoto wanahitaji kumwona mwalimu wao akicheka. Hata huyu wa Ngujini tumeambiwa ni mwema, hisabati anaifundisha vizuri.

Wema si ruhusa, lakini. Mkwe wako anaweza kuwa mtu mwema kuliko wote na bado akabisha hodi.

Na hapa ndipo dini yetu ilipotutangulia zamani sana. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inatuamuru tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe, na aya inayofuata inatuambia tukiambiwa turudi, turudi. Hakuna aliyesema: isipokuwa kama umekuja kwa nia njema. Mwili wa mtoto, uso wake, saa yake ya kucheza na nguo zimelowa, hiyo nayo ni nyumba. Ina wenyewe.

Nyinyi maharusi mnajua tunasema nini. Usiku wa sherehe ya wanawake, mlangoni anakaa dada mmoja asiyetaniana na mtu, mbele yake kapu. Kila anayeingia anatoa simu, anapewa namba, anapita. Anatoa mama mkwe, anatoa wifi aliyeshuka jana kutoka Muscat, anatoa rafiki wa kizungu aliyesoma na biharusi chuo kikuu. Hakuna anayesema biharusi ana roho mbaya au anawachukia wageni. Sote tunaelewa kwamba ndani ya ukumbi ule watu wamevua mabaibui, wameachia nywele, wanacheza na wametulia, kwa sababu wamehakikishiwa kwamba furaha ile haitoki nje ya mlango. Simu moja ikipenya utaona mambo: mtu aliyekuwa anacheza anatafuta kanga, mwingine anarudi kitini, shughuli inapoa kama chai.

Mandari ya watoto ni ukumbi usio na kuta. Kapu hakuna. Aliyetakiwa kukaa mlangoni ni mwalimu mkuu, na yeye ndiye aliyefungua mlango akasema karibuni.

Kwa hiyo ugomvi wetu hasa uko na wenyewe, si na mgeni. Mwenzetu alipopiga simu skuli aliambiwa, "Mama, huyu ni mgeni wetu, tusimvunje moyo." Akauliza nani aliruhusu. Akaambiwa wazazi walikubali pikniki, walitoa na michango. Jamani! Debe la mahindi limekuwa saini? Mtu akichangia harusi yako amepata na haki ya kukupiga picha chumbani? Kisha likaja lile jibu la mwisho, ambalo kila mwanamke aliyewahi kulalamika mahali popote amelisikia: mbona wazazi wengine hawajasema kitu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunauliza, katika picha ile mwenyeji amepona nini? Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la siku hizi ni kumkalisha mgeni chini siku ya tatu na kumwambia: mwalimu, hapa kwetu simu haiinuliwi mbele ya watoto bila kuuliza. Hilo halimvunji mtu moyo. Linamwonyesha kwamba amefika kwa watu.

Tunasikia yanayosemwa. Kwamba bila picha hakuna msaada, wafadhili wanataka kuona. Waone basi jengo, waone madawati, waone choo kilichokosa mlango, hivyo havina haya. Ukisema lazima waone mtoto aliyelowa, tuambie unauza nini. Kwamba mtoto mwenyewe alikuwa anacheka, hakukataa. Mtoto wa miaka kumi na mbili anacheka kwa sababu maji ni ya baridi! Hajui kwamba cheko lake litasomwa na watu wasiomjua wala kujua jina la kijiji chake. Kwamba hata sisi kina mama tunajaza picha za watoto wetu kwenye status. Mama akiweka picha ya mwanawe, ameamua mama, na akikosea atajibu kwa mwanawe. Mwalimu mkuu akiiweka, atajibu kwa nani?

Na tafadhali, asije mtu akatwambia tunahofia posa, kwamba picha ikibaki mtandaoni siku mtoto akikua watu wa upande wa mume wataiona. Hatuoni kwa jicho hilo kabisa. Hata kama asingeolewa maisha yake yote, picha ni yake. Heshima ya mtoto wa kike si mali inayotunzwa kwa ajili ya mnunuzi.

Ajabu ni kwamba huko wanakotoka wageni, haya yanajulikana. Uingereza ni jambo la kawaida skuli kumpelekea mzazi fomu ya kumuuliza kama picha ya mtoto wake itumike au isitumike. Mwaka 2019 mtangazaji Stacey Dooley alikwenda Uganda kwa kazi ya shirika la Comic Relief, akaweka mtandaoni picha amembeba mtoto. Mbunge David Lammy alimkosoa hadharani, mjadala ukawa mkubwa, na mwaka 2020 shirika lenyewe likatangaza kuacha kuwapeleka watu mashuhuri Afrika kutengeneza filamu za namna hiyo. Huko Norwei, mfuko wa wanafunzi uitwao SAIH ulitoa mwongozo mwaka 2017 kwa wanaokwenda kujitolea nchi za nje: linda utu wa unayempiga picha, omba ruhusa inayoeleweka, jiulize kwa nini unapiga. Kwa hiyo kijana anayejua kabisa kwamba kwao angeulizwa fomu, akishuka uwanja wa KIA anaisahau. Na sisi tunamsaidia kusahau.

Nyumbani nako sheria imeshafika, sema haijashuka vijijini. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Milioni nne na nusu na ushee! Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi kabla hazijatumiwa. Ipo na Tume ya kupokea malalamiko. Mwalimu mkuu anayesema "mbona wengine hawajasema kitu" afahamu kwamba huenda mmoja akasema, na mmoja anatosha.

Hapo tunawageukia wenyeji wa Ngujini, shemeji zetu. Nyinyi nchi nzima inawatania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kwa hili tunawaomba msiache asili! Bibi zenu wa Usangi, miaka ya 1940, kodi ya mbiru ilipowaelemea wanaume zao, hawakukaa jikoni kusubiri habari. Walitoka nao wakaukabili utawala wa Mwingereza. Na ninyi ndio wenye ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mlimani, yana zamu zake, na hakuna mtu anayefungulia maji shambani kwake kabla zamu yake haijafika. Watu walioweza kuyawekea maji utaratibu namna hiyo wanashindwaje kuiwekea simu?

Lakini hapa tunasimama kidogo, kwa sababu tunawajua wanaume wetu, na baadhi ya mashangazi. Wapo watakaosoma haya wakasema, mmeona, ndiyo maana tunasema binti asiende mandari. Hapana! Tunakataa kwa nguvu ile ile. Binti aende. Apande mlima, apike na wenzake, aingie majini, acheke mpaka mbavu zimuume, asali adhuhuri chini ya mti na wenzake wa Kiislamu, na wale Walutheri wamsubiri kwa chakula kama wanavyosubiriana Upareni kila siku. Wavulana waliingia majini pia, kifua wazi, na hakuna aliyewaambia mwakani mbaki nyumbani. Kumfungia mtoto ndani kwa sababu mtu mzima hakujizuia na simu yake, hiyo ni kumwadhibu aliyeibiwa. Sisi wenyewe tumejitolea kumshonea sketi nyingine kwa safari ijayo, ya kitambaa kizito kidogo kisichoganda, yenye suruali ndani, ili aruke anavyotaka.

Tunachotaka ni kidogo. Karatasi moja mwanzo wa mwaka, kwa Kiswahili, imuulize mzazi au mlezi: picha ya mtoto ipigwe au isipigwe, na ikipigwa ikae albamu ya skuli tu au iende mtandaoni. Mzazi aweke saini, na asiyejua kuandika aweke dole gumba baada ya kusomewa. Mtoto naye aulizwe siku ya siku, maana mama anaweza kukubali na mtoto siku hiyo hataki. Aliyelala, aliyelowa, anayelia au anayebadili nguo asipigwe, hata kama karatasi imesema ndiyo. Na maneno ya chini ya picha yasomwe kwanza na mwalimu wa hapo, anayejua mbuzi alinunuliwa na nani.

Kuna aliyetushauri tushone utepe mwekundu begani kwa watoto ambao wazazi wao wamekataa, ili mpigaji awajue. Kazi ya dakika tano kwa cherehani. Tulikataa. Mtoto hatiwi alama kwa kosa la kuwa na mzazi makini, na wala utepe si wake kuvaa. Kama kuna wa kuvaa kitu, avae mwenye simu.

Kijana mwenyewe tulimwandikia, kwa Kiingereza chetu cha fomu foo. Tulimweleza habari ya mbuzi, ya viatu, ya bibi aliyeitiwa picha na majirani akaificha simu chini ya mto. Akajibu siku ileile, akaomba radhi, akaifuta na maneno yake yote. Akauliza kama anaweza kwenda kumsalimia bibi. Akaenda, akabisha hodi, akapewa ndizi.

Skuli mpaka leo haijafuta ya kwake. Barua ya mwenzetu imepelekwa kwa mkono na bibi, nakala kwa kamati ya skuli, na kikao cha wazazi ni baada ya mavuno. Ile karatasi ya ruhusa tumeshaiandika, ukurasa mmoja, na nakala zipo pale dukani juu ya meza ya kukatia. Anayetaka aje achukue bure, na mwenye mtoto bara atupe anwani tumtumie pamoja na mzigo wa Ijumaa.